Italia Kwenye Ungo

Kwa maneno ya Gertrude, Donald wa Marungu alirudi kutoka Italia akiwa mzima wa mwili, ila kichwa amekisahau stesheni. Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge, na huyo Mzungu alipokwenda kwao likizo alimchukua, akamzungusha Italia nzima kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Asubuhi mji huu, mchana mji mwingine, jioni wa tatu. Sasa, asema Gertrude, ukimwuliza Donald Baba Mtakatifu anakaa wapi, atakwambia anakaa kwenye maji na hutoka kwa mtumbwi. Ukimwuliza juu ya Venisi, ule mji wenyewe wa maji, atakwambia ni mlima unaotoa moshi. Na mkewe akijigeuza tu kitandani, Donald huruka, hukamata mto na kuuliza, "Tumefika? Tushuke?"

"Ulimwona mwenyewe?" Bibi Tryphena akauliza.

"Nimwone wapi, na Marungu sijakanyaga tangu mvua za mwaka jana? Lakini mto wenyewe nimeuona. Mkewe aliuleta sokoni Voi kutafuta pamba ya kuujaza. Umeraruka huku na huku!"

Gertrude alicheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya leso. Wakio, aliyekuwa ameketi kizingitini akichambua mbaazi, hakucheka. Alikuwa akimtazama bibi yake, akaona kitu ambacho jirani yao hakukiona: Bibi ameingiwa na hofu.

Ulikuwa mwaka wa 1950, Mwaka Mtakatifu, na misheni ilikuwa imepata nafasi ya kumpeleka muumini mmoja wa Mbololo kuhiji Roma. Hakuna aliyeuliza ni nani. Bibi Tryphena alikuwa amewafundisha katekisimu nusu ya watu wa mlima ule, na nusu iliyobaki alikuwa amewavuta masikio kwa kusinzia kanisani. Meli ingemshusha Napoli na kumchukua Venisi baada ya wiki mbili. Hapo katikati, padre alisema, waamue wenyewe watapita wapi, maana yeye amechoka kuamua ugomvi wa mahujaji, kila mtu na mtakatifu wake. Tena, kwa kuwa magoti ya Bibi yalikuwa ya zamani kuliko kanisa lenyewe, aliruhusiwa mtu mmoja wa kufuatana naye. Jumapili padre alitaka kuambiwa mambo mawili: njia, na jina la mtu huyo.

Jina hilo ndilo lililomkaa Wakio moyoni. Ni yeye aliyekuwa akimsugua Bibi magoti kwa mafuta asubuhi na jioni. Ni yeye aliyejua kwamba Bibi akichoka hasemi, bali huanza kusifu mandhari ili apate kusimama. Alitaka kwenda. Ila hakuwa amemwambia mtu, kwa sababu hakuwa na desturi ya kuomba. Tangu utotoni alifanya kazi yake sawasawa, akanyamaza, akangoja wakubwa wajionee. Hivyo ndivyo alivyopata gauni lake la Krismasi, na viatu pia, ingawa viatu vilichukua miaka miwili.

Mara akaja Mwalimu Kituku, katekista, anapanda kilima kama anashuka. Wakati wa vita alikuwa kwenye kazi ya barabara pamoja na mateka wa Kiitaliano, na mmoja wao alimfundisha majina ya miji ya kwao kwa kuyaimba wakipiga sururu. Mpaka leo Kituku hawezi kuyataja bila bega kupanda na kushuka.

Hakungoja kukaribishwa. Aliuchukua ungo mmoja uliokuwa ukutani, akaokota kipande cha mkaa, akachora.

"Ungo wangu!" Bibi alilia.

"Utaoshwa, Mama. Hii ndiyo Italia. Imekaa kama buti."

"Buti moja tu?"

"Moja, Mama."

"Na la pili wamempa nani?"

"Mama, tuendelee." Kituku akaanza kutia alama. "Napoli, Roma, Asizi, Loreto, Siena, Firenze, Pisa, Bolonya, Milano, Torino, Padova, Venisi." Bega lilipanda na kushuka mara kumi na mbili. "Kila mji siku moja. Tunashuka, tunasali, tunapanda. Na siku mbili zinabaki za akiba."

Wakio aliisikia vizuri ile "tunashuka".

"Mimi siku nisizozishika mkononi sizielewi," alisema Bibi. "Wakio, lete mbaazi."

Wakio akahesabu mbaazi kumi na nne, Kituku akazipanga, moja kila mji, na mbili za akiba kando. Bibi akainama kuitazama Italia. Kisha akainua macho, na macho hayo yakatua juu ya miguu ya Kituku. Ilikuwa miguu ya kutazamwa. Kituku hushuka Voi na kurudi juu kabla wengine hawajamaliza kuagana na watu wa nyumbani.

"Hapa panahitaji mtu wa miguu," Bibi alisema polepole.

"Nami sikusema neno, Mama," akajibu Kituku, akanyoosha mguu mmoja mbele kidogo.

Hapo Wakio akaelewa mambo yalivyosimama. Miji ikiwa mingi, safari ni ya mbio, na safari ya mbio ni ya Kituku. Ikipungua, safari ni ya kwenda taratibu, na kwenda taratibu na Bibi ni kazi yake ya kila siku. Akaweka chini mbaazi zake na kuuliza kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua:

"Mwalimu, kutoka Pisa mpaka Torino ni mbali?"

"Aa, ni hapo tu." Akaonyesha kwa kidevu.

Bibi akajivuta nyuma kwenye kigoda. "Hapo tu? Hapo tu kama ile ya Makwasinyi?"

Kituku akakohoa. Yeye ndiye aliyewaongoza kwenye arusi ya Makwasinyi, na yeye ndiye aliyesema ni hapo tu. Walifika bibi arusi amekwisha kuvua viatu, wali umebaki ukoko, na Bibi alirudi kwa lori la mbuzi.

"Huko kuna treni, Mama. Treni ya Ulaya inakimbia."

"Hata hii ya Taveta nimeipanda. Ilikimbia mpaka ikamkuta twiga, ikangoja twiga aamue."

"Italia hakuna twiga."

"Wewe umefika?"

Kituku akajipangusa mkaa vidoleni. Gertrude, aliyekuwa akiutafuta mwanya wa kuingia, akaupata. "Mimi lazima Padova iwemo. Ni kwa Mtakatifu Antoni. Beberu wangu amepotea tangu Kwaresima, na yeye ndiye anayetafuta vitu vilivyopotea."

"Mama Gertrude," Wakio akauliza, "beberu alipotelea Padova?"

"Alipotelea hapa, kwenye mihogo ya watu!"

"Sasa Mtakatifu akiwa hapa kwenye mihogo akitutafutia beberu, si mahujaji watafika Padova wamkose?"

Gertrude akageukia ungo. "We mtoto unyamavu wako una meno," alisema. Lakini hakukubali Padova itolewe, akaifunika kwa kidole.

"Na hii Pisa ina nini?" Bibi akauliza.

"Mnara, Mama. Umeinama. Watu wanatoka dunia nzima kuutazama."

"Kwa kuwa umeinama?"

"Kwa kuwa umeinama na hauanguki."

"Basi na waje kwako waone choo chako. Kina mwaka wa tatu kinataka kuanguka na bado unaingia." Akaichukua mbaazi ya Pisa na kuirudisha mkononi. Gertrude akapiga makofi. Kituku akaona afadhali acheke pia, ila kicheko kilitokea puani.

Wakio akangoja kicheko kiishe. Swali lililobaki lilikuwa kubwa, naye alikuwa amelilea tangu asubuhi.

"Bibi, ukifika kwa watu, haja yako unaisema siku ile ile?"

Bibi akamtazama kama mtu aliyeuliza iwapo ugali huliwa na maji ya mtoni. "Siku ile ile? Mimi ni askari wa kodi? Siku ya kufika ni ya maji ya kuoga, na chakula, na kuulizana habari za nyumbani. Siku ya pili ndipo unasema kilichokuleta. Siku ya tatu unaaga, na wenyeji wanakusindikiza mpaka njia panda. Usipofanya hivyo umewatukana."

"Lakini Mama," Kituku alisema, "huko Asizi hakuna mtu anayetungoja!"

"Hakuna?" Bibi akakaa wima. "Mtakatifu Fransisko nimesema naye kila siku tangu nibatizwe. Niingie kwake, nipige goti moja, nitoke mbio kama mwizi wa mayai? Atasema, huyu ndiye Tryphena aliyekuwa ananisumbua? Hata maji hakunywa!"

Kituku akachota mbaazi kutoka kwenye kikapu cha Wakio, akaanza kuongeza mbili mbili kila mji. Zilipofika Firenze zilikuwa lundo.

"Hizo umezitoa wapi?" Bibi akauliza. "Padre ametupa wiki mbili tu. Unamwibia padre siku?"

Kabla Kituku hajajitetea, kuku mwekundu wa Gertrude akapenya katikati ya miguu yao, akadonoa mara mbili, akakimbilia migombani.

"Ameila Torino!" Gertrude alipiga kelele. "Na Milano!"

"Hizo Mungu mwenyewe ameamua," alisema Bibi, akajifanyia ishara ya msalaba.

Baada ya hapo hakuna aliyebisha sana. Ni Kituku tu aliyeipigania Firenze, kama mtu anayepigania shamba la baba yake, na mwisho wakapatana kwamba, kwa vile treni ya kwenda Venisi inapita hapo, Bibi ataipungia mkono dirishani. Siena na Bolonya zilikwenda kimya. Loreto ilimwuma Bibi, maana huko iko nyumba ya Mama Maria iliyobebwa na malaika, lakini alipoonyeshwa kwamba iko upande wa pili wa milima, alisema nyumba iliyokwisha kuruka mara moja inaweza kuruka tena, atajikalia aingoje.

Wakio ndiye aliyehesabu upya mbaazi kumi na nne na kuzipanga. Napoli akaweka tatu, kwa kuwa mtu anayeshuka melini ardhi humtikisikia chini ya miguu, na siku ya kwanza hafai kwa lolote ila kuketi. Roma tano: ya kufika, ya Baba Mtakatifu, moja ya makanisa makubwa na nyingine kwa yaliyobaki, na ya kuaga. Asizi tatu, kwa heshima ya Fransisko, na kwa kuwa mji uko mlimani na Bibi atahitaji kusifu mandhari mara nyingi. Venisi tatu, wawahi meli bila kukimbia, na katika hizo tatu moja wapande treni asubuhi, wakamwone Antoni wa Padova, warudi jioni.

"Na beberu watamtaja?" Gertrude aliuliza.

"Watamtaja."

"Kwa rangi? Ana doa sikioni."

"Na doa."

Bibi Tryphena aliutazama ungo kwa muda mrefu. Hofu iliyokuwa usoni mwake tangu habari za Donald ilikuwa imeondoka, na mahali pake pamekuja uso wa mtu aliyekwisha kufungasha. "Hii ni safari," alisema. "Ile nyingine ilikuwa adhabu."

Wakio akarudi kizingitini na mbaazi zake mapajani, akainamisha kichwa na kungoja. Kazi ilikuwa imefanyika, wakubwa wameiona kwa macho yao wenyewe. Sasa lilibaki neno moja tu, na halikuwa la kutoka kwake.

Kituku akatazama miguu yake kwa huzuni, kisha akasema ukweli, maana alikuwa mtu wa haki akishindwa. "Mama, kwa njia hii hata mimi hunihitaji. Mtu yeyote anaweza kufuatana nawe."

"Yeyote?" aliuliza Gertrude.

"Yeyote. Hata asiye na pumzi."

Gertrude akaketi vizuri, akajifunga leso upya. "Kumbe! Mimi nilikuwa nimenyamaza nikifikiri ni mambo ya kukimbia. Kama ni kukaa, kula na kuulizana habari, nani hapa mlimani ananishinda? Mama Tryphena, tutacheka mpaka Waitaliano watushangae. Na Antoni nitamweleza mwenyewe habari ya lile doa."

Bibi akacheka. Alipenda kucheka na Gertrude, jambo ambalo mlima mzima ulilijua.

"Ngoja kwanza," alisema Kituku, aliyefufuka ghafla. "Ikiwa ni kukaa, basi ni kuzungumza, na ikiwa ni kuzungumza, nani anayejua Kilatini?"

"Kilatini chako ni cha kumjibu padre! Utaombaje chumvi?"

"Na wewe utaiomba kwa Kidawida chetu cha hapa mlimani?"

"Nitaonyesha kwa mkono!"

Wakabishana. Wakio aliwasikia kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya kisima. Aliona jinsi alivyoipunguza safari, mji baada ya mji, mpaka ikatosha kila mtu. Akamtazama Bibi, ambaye alikuwa akimgeukia huyu, kisha yule, akifurahia ugomvi, na hakuwa ametupa jicho hata mara moja upande wa kizingitini.

Wakio akasimama. Mbaazi za mapajani zikamwagika chini, naye hakuinama kuziokota, na hilo tu lilitosha kuwanyamazisha wote watatu.

"Bibi," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mimi nataka kwenda. Sikusema kwa sababu nilifikiri utaona. Nimekaa nimengoja, na nikiendelea kungoja utapanda meli na Mama Gertrude nami nitabaki hapa kuchunga kuku wake. Jumapili umtajie padre jina langu. Nakuomba. Nipeleke mimi."

Gertrude alitazama juu. Kituku alitazama chini. Bibi Tryphena alimkazia mjukuu wake macho kama mtu aliyesikia mlango wa nyumba yake ukisema, kisha akauinua ungo wenye safari yao na kumwekea mikononi.

"Bibi?" alisema Wakio.