Mnara wa Montbrelin

Mke wangu Huguette ana makanisa mengi kuliko askofu. Yamo kwenye albamu zake za kadi za posta za zamani, karibu kila kanisa la Morvan, eneo letu la milima huko Ufaransa, na mnara wake, na ole wako uziguse ukiwa umetoka kula jibini. Kanisa moja tu lilimshinda, nalo ni la kijijini kwetu. Radi iliuchoma mnara wake kabla babu zetu hawajaoa, na kadi zote tulizowahi kuziona zilionyesha kigutu kilichobaki.

Halmashauri ilipopata fedha za ukarabati, Meya Fabrice Thévenard alitaka kigutu kifunikwe kwa zege, yaishe. Alisema hajengi mnara wa kubuni. Huguette alimwambia ataleta picha, na meya akampa hadi kikao kijacho.

Tukaanza kuzunguka masoko ya kadi, yeye akipekua masanduku ya wilaya yetu, mimi nikiendesha gari na kunung'unika. Mtaka cha mvunguni huinama, lakini Huguette aliinama hadi mgongo ukagoma. Hakupata kitu.

Mchana mmoja aliweka kijiko chini, supu ikiwa haijafika nusu.

"Anselme, umewahi kununua kadi ya kanisa letu?"

"Ya nini? Si naliona dirishani."

"Na wao walikuwa hivyo hivyo. Walizinunua wakazituma mbali. Sisi tunatafuta zilikotoka."

Zilikwenda Paris, kwa wanawake wa kwetu waliokwenda kunyonyesha watoto wa matajiri. Basi tukaenda Paris. Huko Huguette hakuomba sanduku la Morvan. Aliomba sanduku la kadi zilizochafuliwa. Zamani nyuma ya kadi paliruhusiwa anwani tu, kwa hiyo watu waliandika salamu juu ya picha yenyewe, na wakusanyaji huzidharau kadi hizo. Yeye mwenyewe alizidharau miaka yote, na siku hiyo alizipekua bila aibu.

Akaipata. Jina la kijiji chetu, Montbrelin, lilikuwa limechapwa chini. Nilifurahi, mpaka nilipoitazama vizuri. Jua lilikuwa limeipausha. Mlango wa kanisa ulionekana kwa shida, lakini juu palikuwa peupe, pamebaki mwandiko tu. Nilimhurumia mke wangu, nikamwambia turudi nyumbani. Aliisogeza kadi puani, akakaa nayo hivyo mpaka muuzaji akaanza kukohoa, kisha akailipia.

Kikaoni meya alivaa miwani, akasoma kwa sauti salamu za mama kwa binti yake, habari za ng'ombe aliyezaa na baridi iliyozidi, akairudisha kadi mezani.

"Huguette, hapa hakuna mnara."

"Usisome maneno, Fabrice. Tazama mistari. Huu unakatika hapa, unaendelea pale. Na huu. Na huu."

Tukainama wote. Katikati ya mwandiko mlikuwa na uwazi, mwembamba juu kama ncha ya sindano, ukipanuka kuja chini hadi kwenye paa.

"Mama huyu alikuwa na mengi ya kumwambia binti yake, na nafasi hana," Huguette alisema. "Hata hivyo aliona haya kuupitishia wino mnara wetu. Wewe unataka kuumwagia zege."

Meya alipitisha kidole kwenye ule uwazi, kutoka juu hadi chini, polepole. Kisha akamgeukia fundi paa aliyeitwa kikaoni, akamuuliza kama vigae vitatosha kufika kimo kile.