Sweta za Hari Maskini

Bibi Sukhrani alimshika Balozi mkono kwa mikono yake yote miwili, akamtazama usoni, halafu akaangua kilio mbele ya watu wote.

"Hari! Hari maskini! Nauli umepata wapi, mwanangu?"

Balozi Harilal Budhu alibaki mdomo wazi. Nyuma yake lilisimama gari jeusi lenye bendera ya Kanada. Mbele yake ilikuwa shule ya kijiji cha Patience, pwani ya Corentyne, Guyana, na paa lake jipya ambalo serikali ya Kanada ililigharamia naye akaja kulizindua. Kijiji kilijua kwamba balozi anakuja. Kwamba balozi mwenyewe ni mtoto wa hapohapo, hakuna aliyeambiwa. Akina Budhu pwani ile ni wengi kama mchele, na Harilal alikuwa amewakataza watu wa ofisini kwake wasiseme kitu. Alitaka kumshtukiza dada yake.

"Bibi, mbona unalia? Mimi mzima. Mimi ndiye balozi."

"Ndiyo, ndiyo," Bibi Sukhrani akamwitikia kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa. "Unamwendesha balozi. Kazi nzuri, mwanangu, hata tai wamekupa."

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika ghafla, kwa maana dereva alikuwa bado ameshika mlango wa gari na hakuna mwingine aliyekuwa akishuka.

Mzee Ramkhelawan, mwenyekiti wa hekalu, akasogea mbele. "Hebu ngoja kwanza. Wewe si Hari, mdogo wake Dhanmati? Yule wa koleo?"

"Koleo gani?"

"La theluji! Si unazoa theluji barabarani huko? Kila Diwali tunakuombea, na akina mama wanakufumia sweta. Dada yako alituambia baridi imekukata vidole viwili vya mguu."

Harilal alijikuta akivikunja vidole ndani ya viatu. Vyote vilikuwepo. Akatafuta uso wa dada yake katika umati ule. Hakuuona.

Alikata utepe, akasema maneno mawili matatu ambayo baadaye hakuyakumbuka, akaliacha gari pale na kwenda kwa dada yake kwa miguu.

Njia nzima alikuwa akijiuliza amemkosea nini. Wazazi wao walikufa yeye angali mdogo, na Dhanmati ndiye aliyemlea, akimsomesha kwa jasho la mashamba ya miwa. Alipopata kazi ya kufundisha hesabu huko Stony Narrows, mji wa mgodi wa nikeli kaskazini mwa Manitoba ambako walimu wenyeji walikataa kwenda, ni Dhanmati aliyemwambia, "Nenda. Ukibaki hapa utazeeka ukinitazama mimi."

Akaenda. Akamwoa Verna, muuguzi wa hospitali ya pale. Hospitali ile ilipotaka kufungwa, yeye ndiye aliyesimama mkutanoni akaonyesha kwa hesabu kwamba wanaotaka kuifunga wanadanganya, na watu wakamshika shati: lazima agombee ubunge wa jimbo. Kwenye kampeni ya kwanza mchimba madini mmoja alimfungulia mlango na kumwambia, "Rudi kwenu kwenye joto." Harilal akamjibu, "Nirudi, halafu mwanao nani atamfundisha? Juzi kapata kumi na nane kwa mia." Mke wa mtu yule akacheka mpaka akashika ukuta, na nyumba ile haikumnyima kura tena. Alishinda uchaguzi mara nne. Akawa waziri wa elimu wa jimbo. Alipostaafu, Ottawa ikampigia simu kumuuliza kama angekubali kuwa balozi katika nchi aliyozaliwa. Ilibidi Verna amvutie kiti akae.

Dhanmati alikuwa chini ya nyumba, kwenye kivuli cha sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, akimenya maharage. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe zote. Hakusimama.

"Nimeambiwa umekuja na bendera," alisema.

"Dada, umewaambia nini watu?"

"Kaa. Usinisimamie kama askari."

Akakaa kwenye kigogo. "Vidole vyangu, dada? Umenikata vidole?"

"Mwaka ule walitaka kukutumia raba za kukimbilia. Nikaona vitu vinazidi, nikasema huwezi kukimbia." Akaendelea kumenya. "Panda juu, fungua sanduku la mama."

Alipopanda na kuinua kifuniko, harufu ya kafuri ikampiga puani. Sanduku lilikuwa limejaa sweta mpaka juu: nyekundu, bluu, za mistari, moja ina mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Zilikuwa zimefumwa na wanawake ambao hawajaona baridi maishani mwao. Alizishika moja moja. Alikuwa amewahi kutukanwa kwenye mikutano, akarushiwa hata yai, asitikisike. Hizi sweta zilimtoa jasho.

Aliposhuka akauliza, "Kwa nini?"

Dhanmati aliweka bakuli chini. "Mwanzo ulikuwa ukiniandikia kila mwezi. Ulipopata huo ubunge, barua zikaisha. Ikaanza kuja kadi. Kila Krismasi, kadi. Picha yako na mkeo, na chini jina lako, limepigwa chapa. Nikalilowesha kwa kidole nione kama ni wino wa kalamu. Halikufutika."

"Dada..."

"Ulinitumia kadi ya wapiga kura, Hari. Mimi nilikupigia kura wapi?"

Kadi zile zilikuwa kazi ya ofisi. Maelfu yalitoka kila mwaka, kwa wachimbaji, kwa wenye maduka, kwa makanisa. Alikuwa ameagiza jina la dada yake liongezwe ili asisahaulike. Alijiona amefanya wema.

"Watu wakawa wananiuliza, Hari hajambo? Hari anasemaje?" Dhanmati akaendelea. "Ningewaambiaje? Kwamba mdogo wangu amekuwa mkubwa na hana habari na mimi? Nikaona heri ndugu maskini, anakupenda lakini hana stempu."

Muda huo huo langoni pakajaa watu. Kijiji chote kilikuwa kimemfuata. "Dhanmati!" mtu akaita. "Toka nje, mwongo wewe! Tumekesha tukimwombea balozi?"

Harilal aliinuka, akanyoosha koti, akaenda langoni. Maneno yalimjia yenyewe kwa mazoea. "Ndugu zangu, dada yangu hakusema uongo. Mwaka wangu wa kwanza nilizoa theluji kwelikweli, na kwa namna fulani..."

"Hari, nyamaza!" Dhanmati alikuwa amesimama nyuma yake. "Usinisafishe kwa uongo wako laini. Wa kwangu ulinitosha." Akawageukia watu. "Nilisema uongo. Niliona aibu. Kwa sababu yake, na yeye anajua."

Macho yote yakamhamia Harilal. Akainamisha kichwa. "Ni kweli," akasema. "Nilimwacha."

Bibi Sukhrani akapenya mbele kwa fimbo yake. "Kwa hiyo vidole vipo?"

"Vipo, bibi. Vyote."

"Tazama mtu huyu! Mimi nimevililia!" Akaondoka akitikisa kichwa, na wengine wakamfuata wakinung'unika.

Ilichukua miezi kabla kijiji hakijamsamehe Dhanmati. Hekaluni walimwita Mama Theluji, akajifanya hasikii. Harilal alikuwa akija Jumapili, bila bendera, akiendesha mwenyewe, mara nyingine na Verna. Wenye kutaka viza walipojua hilo wakaanza kupanga foleni langoni, na Dhanmati akawafukuza kwa ufagio: "Hapa amekuja kula! Ofisi iko Georgetown!" Neno la msamaha hakulitamka. Alimpa chakula tu, dali na roti, akamketisha mbele yake.

Jumapili moja, akiwa anamimina dali, aliuliza bila kuinua macho, "Siku uliyoapishwa uwaziri, ilikuwaje?"

"Theluji ilikuwa nyingi. Verna alisimama kando yangu. Walinipa viti viwili vya mbele, vya ndugu."

"Wakakaa nani?"

Harilal aliweka roti chini. "Hakuna. Nililaza koti langu juu yake."

Dhanmati aliganda, kijiko kikiwa hewani. Akamkazia macho kama aliyezabwa kofi.

"Koti," alisema. "Si ungeniita, mjinga wewe."

"Nilipaswa kukuita, dada."

Akamwongezea dali mpaka sahani ikafurika. Harilal alikuwa ameshiba zamani. Akaila yote.