Beji Juu ya Moyo

Hasira ya Philomène ilianza asubuhi, alipomkuta Papa Hemedi akitapika kwenye korido ya hospitali. Karani huyu wa bandari alikuwa amemeza dawa ya moyo wiki tatu. Sasa chakula hakikai tumboni, na kila anachokitazama anakiona cha manjano. Dawa ilikuwa inamuua, na aliyemwandikia alitegemea neno la mashine.

Mashine hiyo ilikuja mwaka huo kwa msaada wa wageni. Philomène akishapiga picha ya kifua kwa eksirei, yenyewe inaisoma, inapima upana wa moyo na kutoa karatasi. Kwa Hemedi ilisema moyo umevimba. Philomène akaiinua ile picha dirishani. Pembeni mwa moyo, duara jeupe, limeshikana nao kabisa. Beji ya chama tawala, ile kila mtumishi wa serikali analazimika kuivaa kifuani! Mashine, kichwa maji kama walioileta, ilihesabu chuma kuwa nyama.

"Papa, tosha ile beji kwa kifua, nipige picha ingine."

"Apana, mutoto yangu. Mutu wa serikali bila beji? Batanifunga."

"Basi utakufa nayo!"

Alimkaripia mtu wa umri wa baba yake, wala hakuona haya. Akaifungua pini mwenyewe, akaichomeka beji kwenye kofia ya mzee na kumvisha. Hapo Hemedi akakubali kusimama. Karatasi mpya ikatoka: moyo wa kawaida.

Akaipeleka mbio kwa Daktari Kasongo, aliyemwandikia Hemedi dawa.

"Docteur, angalia. Moyo yake iko muzima. Mashini ilipima beji pamoja na moyo. Donc, basi, batu batoshe beji mbele ya picha, na wale wote banameza dawa, tubapige tena."

Daktari hakuitazama karatasi. Alikwenda kwanza kufunga mlango.

"Unataka niandike kama beji ya chama inagonjesha batu?"

"Andika kweli!"

"Niko na batoto, Philomène."

Kumbe anajua! Hilo ndilo lililomchoma Philomène: si ujinga, ni woga tu, na woga huo wagonjwa wanamezeshwa asubuhi na jioni. Daktari akavuta faili la Hemedi, akaandika kwamba dawa isimamishwe. Philomène akashusha pumzi. Kisha akasoma sababu iliyoandikwa chini yake: mgonjwa amepona kwa dawa.

Kabla hajafumbua mdomo, daktari alikuwa ameshafungua mlango, anamwita muuguzi kwa sauti ya furaha.

"Clémence! Ile dawa inaponyesha kweli. Papa Hemedi amepona. Wale bagonjwa kumi na moja ya salle, ubaongezee dawa."

Philomène alimpita mbio, akamfikia Clémence mlangoni mwa wodi, akampokonya trei ya dawa na kuimwaga yote dirishani.

"Hakuna mutu anameza!" alipiga kelele. "Hakuna!"