Upande Wako, Ramsurat?

Vumbi la makaa liliamka kabla yetu, Clarence. Lilikaa juu ya maziwa, juu ya shuka, juu ya picha ya Bikira Maria, na kila alfajiri nililifagia huku nikilitukana. Asubuhi ile halikuwapo. Mabomba ya moshi ya karakana yalikuwa kimya, mgomo wa reli umeingia wiki ya pili, na hewa ya Sonpahari, mji wetu wa reli, ilikuwa safi hata ikanitisha.

Nilikupigia pasi sare yako ya kaki. Mawazo yalikuwa mbali, nikaunguza ukosi, nikasingizia pasi.

Kikosi cha Kujitolea cha Reli! Nani alijitolea? Sisi wa damu mbili, Wazungu kwa majina, Wahindi kwa jua, mwanamume wetu akitaka kuendesha garimoshi la abiria basi atavaa kaki, atapiga gwaride Jumapili baada ya misa, na bunduki ya serikali atailaza chini ya kitanda chake. Babu yako aliivaa, baba yako aliivaa. Walilinda madaraja dhidi ya maadui ambao hawakuja hata siku moja, wakapewa medali, wakazeeka. Sisi wake zenu tulivicheka vitambi vyenu, tukavicheka vifungo vyenu, tukaicheka miguu yenu ikigombana kushoto na kulia. Siku ile sikucheka. Siku ile adui alikuwa na jina, na jina lake lilikuwa Ramsurat.

Ramsurat, mtia makaa wako, aliyegoma na wenzake. Miaka na miaka mlisimama pamoja mbele ya tanuri, wewe kulia, yeye kushoto, mkikaanga mayai juu ya koleo lake, mkila kwa vidole vyeusi. Garimoshi lilikuwa pana, na jicho lako halikufika upande wa pili. Basi kabla ya kuondoka uliuliza kama njia iko wazi upande wake, naye alijibu, na bila jibu lake hukufungua mvuke.

"Upande wako, Ramsurat?"

"Kweupe, bwana!"

Uliuliza hata usingizini. Nami, kando yako, nikakujibu, "Kweupe, Clarence, lala."

King'ora kikaita. Mlangoni nilikushika ukosi ule ulioungua. "Tii tu leo. Usilete ushujaa. Nyumba hii ni ya reli, shule ya watoto ni ya reli."

"Na Ramsurat je?"

"Mimi sikuolewa na Ramsurat."

Ulicheka kidogo, ukaenda. Nami nikakufuata, maana kukaa ndani kulinishinda.

Tulifuata sote, wake zenu kwenye jukwaa la stesheni, wake za wagomaji kando ya tuta. Wagomaji walikuwa wameketi juu ya reli, bega kwa bega, na kichwa cha treni kimesimama mbele yao kinatoa mvuke. Wenzako wa kikosi walipiga goti, bunduki begani. Wewe ulipandishwa juu ukaambiwa uendeshe. Kushoto kwako walimweka karani wa tiketi, kaki yake mpya kabisa, mtu asiyejua koleo linashikwa wapi. Na chini, kwenye reli ya kushoto, karibu mno na pua ya garimoshi hata usingeweza kumwona, alikuwa ameketi Ramsurat. Mimi nilimwona.

"Endesha!" Meja wa kikosi akapaza sauti. "Watakimbia tu!"

Nani alimwambia watakimbia? Ramsurat ninamjua, huyo hakimbii. Moyo wangu ukapiga: nenda, usiende, nenda, usiende. Nilitaka kupiga kelele, na sikujua nipige kelele ipi.

Ulipiga filimbi. Hakuna aliyeinuka. Ulipiga tena. Mwanamke mmoja kwenye tuta akaanza kulia. Ukaachia breki, ukaushika mkono wa mvuke, na hapo, Clarence, mdomo wako ukafanya ulichozoea. Karani hukumtazama hata. Uliita mbele ya Meja, mbele ya kikosi kizima:

"Upande wako, Ramsurat?"

Kisha kutoka chini ikapanda sauti ileile ya kazini, isiyo na hasira:

"Kuna watu, bwana! Simamisha!"

Ukasimamisha. Mkono wako haukungoja akili. Uliuachia mkono wa mvuke, ukakaza breki, na chuma kile chote kikatulia.

"Nimesema endesha!" Meja alikuwa ameiva uso.

Ukamjibu kwa upole, namna unavyomjibu abiria msumbufu: "Siwezi, bwana mkubwa. Kushoto si kweupe."

Mzee Pinto, dereva wa mizigo, akaangua kicheko hukohuko kwenye mstari wa bunduki. Alicheka mpaka akashindwa kulenga, akaishusha yake, na waliokuwa kando yake wakashusha zao.

Nilikuchukia pale jukwaani, nikiona nyumba inakwenda, shule inakwenda. Na papo hapo nilifurahi kwamba hukuua mtu. Yote mawili yalikuwa ya kweli, na hata leo sijui lipi lilitangulia.

Walikuvua kaki siku hiyohiyo, wakakuachisha kazi, wakatupa notisi ya kuhama. Baadaye mgomo ukavunjika, na Ramsurat naye hakurudishwa kazini. Majirani zetu, waliocheza dansi nasi kila Krismasi, walifunga madirisha tulipoanza kutoa vyombo. Hakuna aliyekuja kutushikia hata kiti.

Ramsurat alikuja kutusaidia kubeba. Alisimama uani, kwenye mlango wa jikoni, pale waliposimama sikuzote watu wake katika nyumba za watu wangu, akakohoa ili tujue yupo. Mara ngapi nimeufungua mlango ule, nikampa chai katika kikombe chake cha peke yake, nisifikirie lolote! Safari hii niliufunga. Uliniangalia kwa uchungu, ukidhani nimemfukuza. Nikatoka kwa mlango wa mbele, nikaizunguka nyumba, nikamshika mkono, nikampitisha chini ya madirisha yote yale yaliyofungwa, nikampandisha ngazi za barazani. Alisita pale juu, anatafuta pa kuvulia viatu.

"Pita, shemeji," nikamwambia. "Kabati liko chumbani."