Waya wa Karwitha

"Zima, halafu uwashe tena," msichana wa simu wa kampuni ya mtandao alisema kwa mara ya nne, kwa ile sauti tamu ya kubembeleza mtoto anywe dawa.

"Nimezima, nimewasha," Karwitha alijibu. "Nimechomoa, nikahesabu mpaka thelathini, nikachomeka. Taa bado ni nyekundu."

"Kuna mtu mdogo hapo nyumbani anayeelewa kompyuta, mama? Niongee na yeye?"

Karwitha aliitoa simu sikioni akaitazama, kama mtu aliyeumwa na siafu asijue ametokea wapi. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Saa tano kamili korti ya Meru ingeita kesi yake kupitia kompyuta hiyo hiyo: kesi ya shamba ambalo marehemu mumewe alimwachia, na shemeji yake Kaberia akaliuza nusu kabla matanga hayajaisha. Miaka sita amekuwa akiifuata. Mara ya mwisho jina lake lilipoitwa alikuwa amelazwa hospitali, na hakuna aliyejibu. Karani alimwambia waziwazi: ukikosa tena, mama, itatupwa.

"Unaitwa nani, binti?"

"Rita."

"Rita, mtu mdogo hayuko. Niko mimi. Asante." Akakata simu.

Kwa miaka thelathini na minne Karwitha ameshona sare za shule kwa cherehani ya miguu, hapa nyumbani kwake mtaani Wabera. Cherehani ikianza kuruka mishono, fundi mjinga huipiga kofi. Yeye huanza kwenye kibiringo cha uzi na kuufuata kwa kidole, tundu baada ya tundu, mpaka pale uliponasa. Mambo ya kompyuta alifundishwa na binti yake Kinya kwa siku mbili tu, kisha Kinya akarudi Nairobi. Lakini uzi ni uzi, hata ukiwa umebeba nini.

Akaanza pale mezani. Kompyuta ilionyesha kwamba inashikana vizuri na kile kisanduku cheupe cha wifi, kwa hivyo shida iko mbele. Kisanduku kina stima. Ule waya mwembamba wa manjano nyuma yake haujakunjika, wala panya hajaugusa. Ile taa nyekundu ilikuwa na herufi tatu ambazo hakujua maana yake, ila jana haikuwaka, na hilo lilimtosha. Akavaa viatu akatoka nje, akaupata waya mahali unapotokea ukutani.

Kutoka hapo ulikuwa mweusi. Uliruka ua, ukapita juu ya duka la Dima, ukavuka barabara. Karwitha aliufuata shingo ikiwa juu, boda boda wakimpigia honi.

"Shosho, angalia mbele!"

"Angalia wewe! Mimi niko kazini!"

Kwenye mlingoti wa tatu, waya wake uliishia hewani. Haukuwa umekatwa, kile kichwa chake kidogo cha kijani kilikuwa kizima kabisa. Ulikuwa umechomolewa. Na juu yake, kwenye ngazi ya alumini, mwanamume mwenye ndevu na koti la kung'aa alikuwa akifunga sanduku jeusi la nyaya. Alikuwa Gitobu, fundi yule yule aliyemwekea mtandao mwezi wa pili, akala chapati zake tatu.

"Wewe! Nani amekwambia unichomoe?"

"Ah, shosho! Habari ya asubuhi?"

"Asubuhi yangu umeishika huko juu. Irudishe."

Gitobu alicheka. "Shosho, sanduku hili ni la watu wanane na limejaa. Gathogo wa hoteli ana wageni wa mkutano leo. Nikajiuliza, shosho mchana anautumia mtandao kufanya nini? Nimekutoa kidogo tu. Jioni nakurudishia."

"Kidogo." Alilitamka hilo neno kama anaonja maziwa yaliyoharibika. "Ulipiga hodi kwangu?"

"Hapana, lakini..."

"Ulipiga simu?"

"Shosho, si ni wa kuangalia tu wajukuu?"

"Nina kesi saa tano!" Sauti yake ilifika mpaka kwa wauza miraa ng'ambo ya barabara, na mafungu yakaachwa nusu kufungwa. "Miaka sita! Nimelala stendi ya Meru, nimelowa mvua mlangoni pa korti, na leo wewe unanitoa kama unatoa kiraka!"

Gathogo akatokea mlangoni pa hoteli yake akipangusa mikono. "Mama Kinya, pole pole basi. Si ungoje jioni? Hawa wageni wangu ni watu wa ofisi."

"Na mimi ni mtu wa nini?"

Gathogo aliendelea kupangusa mikono iliyokwisha kukauka.

"Mjibu, Gathogo," Dima alisema kutoka dukani. "Hata sisi tunataka kujua."

Watu wakacheka, isipokuwa Karwitha. Gitobu akageukia sanduku, akachomoa waya mmoja, akachomeka mwingine. Ndani ya hoteli mtu akapiga kelele kwamba mtandao umepotea.

Fundi alipokuwa akishuka, Gathogo alimwinulia kidevu, kidogo sana, kuelekea nyumba ya Karwitha. Maana yake: ngoja aingie ndani.

Karwitha alikiona. Akibaki kulinda mlingoti, jina litaitwa na hatakuwapo. Akiingia ndani, atachomolewa kabla hajaketi. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano. Akainama, akashika mguu wa ngazi.

"Shika upande ule."

"Shosho, hii ni ya kampuni!"

"Na mimi ni mteja wa kampuni. Inua, kabla sijavunjika mgongo hapa mbele ya watu."

Gitobu akatazama watu, watu wakamtazama. Akainua.

Waliivusha barabara hivyo, bibi mbele na fundi nyuma. Mlangoni ngazi ilikataa kukunja kona. Wakaisukuma moja kwa moja ndani ya chumba hadi dirishani, juu ya meza ya kukatia vitambaa, na ncha yake nyingine ikabaki kizingitini.

Taa nyekundu ilikuwa imezima. Karwitha akafunga kitambaa chake cha kichwa upya, akabonyeza pale Kinya alipomwonyesha, na vyumba vidogo vya watu vikajaa kwenye kioo. Kimoja kilikuwa na Kaberia, ameegemea kiti, anachokonoa meno.

"Karwitha dhidi ya Kaberia," karani alisoma. "Mlalamikaji yupo?"

"Niko hapa."

Kaberia aliketi wima.

Hakimu alisogeza uso karibu na kioo chake, akavua miwani, akaivaa tena. "Mama, tunakuona. Lakini hicho kilicho nyuma yako ni nini?"

Karwitha akageuka. Ngazi ilikuwa imelala juu ya mashati ya shule yasiyo na vifungo, iking'aa chumba kizima, na huko mwisho wake, mlangoni, Gitobu alikuwa ameikalia, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa kuwa shahidi.