Jumatatu na Jumanne za Rosettenville

Haya alinihadithia Murielle, msusi wa mtaa wa Bellevue, Jumatatu ya Pasaka ya mwaka 2018, kichwa changu kikiwa baina ya magoti yake na chanuo likiwa mdomoni mwake. Hakuyaokota barabarani. Mwenye habari, Dokta Capitoline, amepanga chumba kilichopakana na chake katika nyumba ile kuukuu, na kinachowatenga ni ubao tu. Mmoja akipiga chafya, mwenziwe humwombea afya.

Capitoline ni binti wa Kirundi. Udaktari alikwisha kuupata. Alichokuwa akikisomea sasa ni kuwa daktari wa familia, na mafunzo yake yalikuwa ya miguu miwili. Jumatatu na Jumanne alikuwa Rosettenville, mtaa mwingine wa jiji hilihili, kwenye kliniki ndogo ya Dokta Firmin. Siku zilizobaki alikuwa hospitalini, wodi ya upasuaji. Lakini daktari mwanafunzi hahesabiwi siku kwa sababu ametoka jasho. Mahali anapojifunzia sharti pawe pameidhinishwa kwanza na kamati ya mafunzo kule Braamfontein. Ndipo siku zake ziandikwe.

Jumatatu moja ya mwezi Machi, Dokta Firmin alimimina chai mpaka ikafurika kwenye kisosi, naye asione. Ni Mkongo wa Lubumbashi, mwenye nywele nyeupe na sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Binti yangu, keti."

"Papa Firmin, wagonjwa wamejaa hadi mlangoni."

"Watangoja kidogo. Kamati wamenipigia simu." Akaiweka birika chini. "Kliniki hii haikuwa imeidhinishwa. Mimi nilidhani hospitali imetuombea sote kwa pamoja. Wao wakadhani nimejiombea mwenyewe. Kila mtu alimwachia mwenziwe kufunga mlango, ukalala wazi."

"Basi miezi yangu minane?"

"Siku za hospitali zimeandikwa. Za hapa..." Alikitazama kisosi. "Za hapa ni kama hukuja."

Idhini yenyewe ilikuwa imetoka, tena siku zilezile, ila haikurudi nyuma. Kamati ilimwachia Capitoline achague. Angeweza kuhamia hospitalini wiki nzima, amalize Desemba kama alivyopanga. Au angebaki na sehemu zote mbili, siku za Rosettenville zianze upya, amalize katikati ya mwaka unaofuata.

"Nenda hospitalini," Dokta Firmin akasema. "Kosa ni langu. Usililipie wewe."

Capitoline alikasirika mpaka masikio yakamwasha. Huko Bujumbura mama yake alikwisha kununua kitenge cha sherehe ya Desemba na kulitangazia kanisa zima. Lakini chini ya hasira ile, na hili alimwambia Murielle peke yake, kulikuwa na kitu chepesi kilichofanana na furaha. Tangu mwanzo aliiona kliniki kama uani kwa udaktari: vikohozi, presha, watoto wa kuchanjwa. Udaktari wenyewe, wa mataa makali na visu, ulikuwa hospitalini. Sasa alikuwa amefunguliwa njia ya kuondoka, na asingelaumiwa na mtu.

Aliita mgonjwa aliyefuata. Aliingia Mzee Khatibu, fundi cherehani kutoka Tanga, safari hii bila fimbo yake.

Miezi kadhaa nyuma, Capitoline ndiye aliyemvua kiatu mzee huyu katika chumba hikihiki, akakuta kidole kimeoza kwa kisukari, akampeleka hospitalini. Alhamisi yake Mzee Khatibu akafumbua macho wodini, akamwona binti yuleyule amesimama kando ya kitanda. "Lahaula! Dokta, kumbe mko pacha?" Wodi nzima ilicheka. Kidole kilikatwa, naye Capitoline alikuwepo. Kisha mzee aliruhusiwa kwenda nyumbani, muuguzi akatandika shuka jipya, na kitanda kikapata mtu mwingine. Wodini hakuna aliyemtaja tena. Si kwa ubaya. Ndivyo kazi ya pale ilivyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeamkia vizuri. Juzi ulinisalimu kama askari wa doria."

Capitoline alipiga goti, akaufungua mguu. Kovu lilikuwa kavu, limefunga kama pindo lililoshonwa na mwenye subira. Alipotaka kuinuka, mzee alimshika bega.

"Ngoja kwanza. Sikiliza." Akauweka mguu sakafuni, akaanza kukanyaga: kisigino, wayo, kisigino, wayo, polepole, halafu kwa kasi, macho ameyafumba na mikono ikisukuma kitambaa kisichokuwepo. "Wasikia? Niliogopa mguu utasahau. Jana nimemaliza gauni la bibi harusi."

Capitoline aliushika tena ule mguu. Hapakuwa na kilichobaki kukaguliwa, ila hakuuachia upesi.

Wiki ile ilikuwa ya zamu za usiku hospitalini. Ijumaa asubuhi alirudi Bellevue, Murielle akiwa barazani na mteja wake wa kwanza, akamweleza shauri alilolikata moyoni.

"Eish! Umerogwa? Unapewa njia fupi, unashika ndefu?"

"Murielle, ukisuka nusu kichwa, mteja akaenda kumalizia kwingine, unajisikiaje?"

"Mimi? Namfuata barabarani na chanuo!"

Mteja alicheka, naye Capitoline akacheka, kicheko cha mtu aliyekesha. Kisha akampigia simu Dokta Firmin.

"Papa Firmin, Jumatatu naja. Lakini safari hii siketi mpaka niione idhini kwa macho yangu."



"Nimeibandika ukutani, juu ya birika," sauti ile ya taratibu ikasema. "Nikinywa chai, inanitazama."

Simu ya Bujumbura ndiyo iliyomtoa jasho. Murielle ni mtu wa Uvira, ng'ambo tu ya Bujumbura, Kirundi hakimpigi chenga, na wala hakujifanya hasikii. Mama aliuliza mara mbili ni mwaka gani hasa. Aliuliza kama mwanawe anakula. Halafu akavuta pumzi ndefu.

"Kitenge nimekifungia kabatini na dawa yake ya nondo. Chenyewe hakina haraka. Nenda kalale."

Capitoline aliingia chumbani, akajitupa kitandani na koti lake. Murielle alizima redio, akamwonyesha mteja kidole mdomoni. Watoto wa chumba cha mbele, waliokuwa wakirushiana mpira na Kizulu chao, aliwafukuza hadi getini kwa macho tu.

Baadaye alichungulia ili amvue viatu. Kimoja kilikuwa kimeshaanguka chenyewe. Mguu ulio wazi ulikuwa ukigusa ubao wa kitanda taratibu, kisigino, wayo, kisigino. Murielle aliutupia kanga na kusimama pale kidogo, mpaka ukatulia.