Bata Bukini Kwenye Benchi la Genfu

Ruan Sizhen wa Jinshan alifundishwa kuchora na mama mkwe wake, na mama mkwe mwenyewe hakuwahi kushika brashi. Alikuwa mtarizi wa viatu vya watoto. Enzi za mashamba ya ushirika, mchoraji mmoja wa mjini alikuja kijijini akawaambia wanawake wachore vile wanavyotarizi. Sizhen, bi harusi wa juzi, akachora nguruwe ambaye watoto wake wanaonekana tumboni. Wanaume wakacheka. Akawaambia kama hawaamini kwamba wamo, wasubiri azae.

Tangu hapo kijiji kikawa cha wachoraji, na sheria ikawa moja: picha ijae. Nafasi tupu ni uvivu, sawa na kiraka cha shamba kilichosahauliwa na jembe.

Sasa Sizhen ni bibi mjane, na mwaka huu alichora meza ya mkesha wa mwaka mpya, imetazamwa kutoka juu kama aionavyo mbayuwayu wa darini. Samaki, bakuli, mabenchi manne yamelala kama petali za ua, watu saba. Meza ni ya watu wanane. Nafasi ya nane aliiacha nyeupe.

Mwalimu Tong wa kituo cha utamaduni, kijana aliyekuja kukusanya picha za maonyesho ya mjini, akapagonga pale kwa kidole.

"Shangazi, hapa ulichoka?"

"Hapa pana mtu."

"Simwoni."

"Hajafika."

Basi amchore, akasema mwalimu, la sivyo picha haiendi. Na isipokwenda, Sizhen alijua hasara yake. Mwanawe Genfu, anayefanya kazi mji huohuo, alimwahidi kwenye simu kwamba picha ikitundikwa ataenda kuiona na mkewe na mtoto, kisha wote warudi nyumbani kula mwaka mpya. Miaka mingi alikuwa hajarudi. Bata bukini alikuwa ameshaanza kunoneshwa kwa ajili yake.

Lakini wale saba wote walikuwa marehemu. Mama mkwe na meno yake mawili, mume na kofia yake ya manyoya, na wengine ambao kila mkesha Sizhen huwamiminia vikombe, ili wao wale kwanza kabla ya walio hai. Hata yeye mwenyewe hakujichora. Nafasi ya nane ni ya Genfu, na utamketishaje mtoto mwenye uhai wake kwenye meza ya wafu? Hilo hakumwambia mwalimu. Vijana wa kituo ukiwaambia jambo, wanalitia kwenye hotuba.

Akaizunguka karatasi mpaka rangi ikakauka kwenye visahani. Wa kumwomba shauri hakuwepo. Majirani walishahamia ghorofani mjini. Nyumba ilinyamaza hata akasikia nyayo za bata uani. Bata akaingia jikoni kama kawaida yake, akanyoosha shingo, akamtazama.

"Unanitazama nini? Njoo ukae."

Akamchora kwenye benchi la Genfu, shingo juu ya bakuli, kama mwenye nyumba.

Picha ikatundikwa. Genfu akapiga simu akiwa ukumbini, watu wakicheka nyuma yake. Akasema wamejazana wote mbele ya bata. Kisha sauti ikashuka.

"Mama, hao wengine nawajua."

"Utakosaje kuwajua?"

"Mbona mimi simo?"

"Shukuru kwamba humo."

Akacheka kidogo. Halafu akaanza: kazi, treni zimejaa, mtoto anakohoa. Sizhen akaujua mwisho kabla haujafika, akamsaidia kuumaliza. Akamwambia safari za sikukuu ni vita, asimtese mtoto.

Siku ya mkesha akawasha ubani, akamimina pombe ya mchele vikombe saba, akawaacha wenyewe wanywe. Kisu alikuwa amekinoa tangu asubuhi. Akakitazama, akakirudisha kabatini, akafungua mlango wa uani. Bata akaingia kwa madaha kama mkwe aliyechelewa makusudi.

Sizhen akamsogezea bakuli la wali.

"Kula," akamwambia. "Na usinianzie habari za kazi."